Kimevunjika au Amevunjika? Uhakiki wa Kipepeo cha Keki

Kipepeo aliye hai hana shida ya kisarufi. Jina lake lina umbo la ngeli ya KI-VI, lakini kwa kuwa ni mdudu mwenye uhai tunampeleka ngeli ya A-WA na kusema kipepeo ameruka, kipepeo yule, vipepeo wale. Hilo tulilikariri sekondari. Shida huanza kipepeo anapotengenezwa kwa sukari na kuwekwa juu ya keki. Kaa meza ya karibu na keki kwenye sendofu yoyote ya Dar es Salaam, usikilize. Mmoja atasema "kile kipepeo cha juu kimeinama," mwingine atasema "yule wa juu ameinama," na hakuna atakayemsahihisha mwenzake. Wote wako sahihi, ila hawajasema jambo moja. Wa kwanza ameona pambo. Wa pili, kwa muda mfupi kuliko kupepesa jicho, ameona mdudu.

Tasnifu yangu ya uzamili inahusu mambo mengine kabisa, lakini kwa miezi kadhaa nimekuwa nikijiuliza kwa nini kipepeo mmoja wa sukari hustahili a- na mwingine huishia kwenye ki-. Naamini ni swali la kihakiki, na nashangaa kwamba hatuna mazoea ya kuliuliza. Kuhusu keki tuna aina mbili tu za maneno. Kuna sifa: "hongera dada, kazi safi," na vimoyo vitatu. Na kuna kejeli: picha mbili, upande huu keki iliyoagizwa, upande ule keki iliyoletwa, tucheke. Katikati hakuna kitu. Mtu aliyekamua mabawa ishirini kwa mkono wake usiku kucha na mtu aliyechapa mabawa mia kwa dakika kumi wanapewa hongera ile ile. Hiyo si haki kwa yule wa kwanza, na wala haimfundishi chochote yule wa pili.

Wala si kwamba sanaa yenyewe ni changa. Nasir Khusraw, msafiri wa Kiajemi wa karne ya 11, aliandika kuhusu mti uliotengenezwa kwa sukari ukasimamishwa kwenye karamu ya sultani huko Cairo. Katika karamu za wafalme wa Uingereza wa zama za kati, kati ya mkupuo mmoja wa chakula na mwingine, ziliingizwa sanamu za sukari zenye ujumbe, nyingine za kisiasa kabisa. Sidney Mintz, katika kitabu chake cha 1985 kuhusu sukari, anaonyesha jinsi sanamu hizo zilivyoshuka ngazi kutoka kwa wafalme hadi kwa watu wa kawaida kadiri sukari ilivyopungua bei, na jinsi bei hiyo ilivyoshuka kwa jasho la watumwa wa Karibi. Na Misri mpaka leo, msimu wa Maulidi, kuna bibi harusi wa sukari: mwanasesere anayemiminwa kwenye kalibu ya mbao, akavalishwa karatasi za rangi na kuwekewa vipepeo vya karatasi mgongoni. Siku hizi wengi wa wanasesere hao ni wa plastiki. Hawaliki.

Nimesema vipepeo vya karatasi nikimaanisha vile vya kujipepea. Ni neno lile lile. Kipepeo ni mdudu na kipepeo ni kifaa cha kuchochea moto wa jiko la mkaa, na vyote viwili vimezaliwa na kitenzi pepea. Kiswahili hakikumtazama mdudu huyu kikaona rangi, wala umbo, wala ua analolitua. Kilimwona anavyokwenda. Jina lake ni mwendo. Kwa hiyo nikipewa kipepeo cha keki nikihakiki, swali langu la kwanza halihusu rangi zake. Nauliza kama kinapepea. La pili ni kama kinalika, na hilo nitalirudia kwa sababu ni zito kuliko linavyosikika.

Tuanze na kinachotawala soko, kipepeo cha karatasi ya kuliwa. Karatasi yenyewe hutengenezwa hasa kwa wanga wa viazi, maji na mafuta kidogo ya mimea. Ni binamu wa hostia ya kanisani: nyembamba, nyeupe, haina ladha, ikigusa ulimi inajikunja na kupotea. Inapitishwa kwenye printa yenye wino wa rangi za chakula, vipepeo arobaini wanatoka kwenye ukurasa mmoja, mkasi unapita, kila kimoja kinakunjwa katikati, na basi. Wengine hununua vilivyokwishakatwa, vimepangwa ndani ya mfuko kama stika.

Sina ugomvi na mashine. Karatasi hii ina sifa moja ambayo sukari haina: ni nyepesi kiasi kwamba feni ya ukumbini ikigeuka, mabawa yanatikisika. Mpambaji anayejua kazi yake hubandika mgongo tu wa kipepeo kwa tone la aisingi, mabawa akayaacha huru, naye ameshanipa nusu ya ninachotaka. Lakini wengi hawafanyi hivyo. Wanakilaza bapa ubavuni mwa keki, juu ya krimu mbichi, na karatasi hiyo adui yake ni maji. Krimu iliyopigwa ina maji mengi. Baada ya saa mbili mabawa yamelowa, kingo zimejikunja ndani, wino umeanza kutambaa. Hapo hakuna mtu mezani atakayesema "yule." Hata "kile" ni heshima.

Kinachonisumbua zaidi kwenye karatasi ni picha yenyewe. Iangalie vizuri. Mara nyingi sana ni kipepeo mmoja tu: rangi ya chungwa, mishipa myeusi, ukingo mweusi wenye madoa meupe. Huyo ni Danaus plexippus, ambaye Wamarekani humwita monaki, na hakai katika misitu wala bustani za Afrika Mashariki. Ni msafiri wa Amerika Kaskazini. Kila mwaka mamilioni yao hushuka kutoka Kanada na Marekani hadi milima ya Michoacán nchini Mexico, na wanafika karibu na mwanzo wa Novemba, siku zile zile Wamexico wanapowakumbuka wafu wao. Wapo wanaoamini kuwa ni roho za marehemu zimerudi nyumbani. Kule, kumweka kipepeo huyu mezani ni kusema jambo. Kwetu amefika akiwa faili la kompyuta. Hajabeba roho ya mtu. Amechaguliwa kwa sababu ndiye wa kwanza kutokea ukitafuta picha.

Na kuna kichekesho kingine, cha kibiolojia. Ile rangi ya chungwa na nyeusi ni onyo. Kiwavi wa monaki hula mimea yenye utomvu wenye sumu inayovuruga moyo, akaihifadhi mwilini, na kipepeo anayetokea anabaki nayo. Mwanasayansi Lincoln Brower alilionyesha hilo kwa kumlisha ndege kipepeo huyu. Ndege akala, akatapika, na baada ya hapo hakutaka hata kumtazama wa aina hiyo. Picha za ndege yule akitapika zilitoka kwenye jarida la Scientific American mwaka 1969 na zikawa maarufu. Rangi zile, kwa lugha ya ndege, zinasema: usinile. Sisi tumezichapa kwenye wanga wa viazi na kumpa mtoto wa miaka minne.

Nisingelalamika kama mpambaji angejua hivyo na akacheza nacho. Huo ungekuwa utani mzuri sana, na keki ni mahali pazuri pa utani. Tena Afrika Mashariki ina mchezo huo tayari bustanini. Tunaye Danaus chrysippus, ndugu mdogo wa monaki, wa rangi ya chungwa na ncha nyeusi zenye utepe mweupe, ambaye naye ndege humwogopa. Na tunaye Hypolimnas misippus, ambaye jike lake halina sumu yoyote lakini limevaa sare ya chrysippus mpaka utawachanganya. Dume lake halifanani nalo kabisa: jeusi, lenye madoa makubwa meupe yaliyozungushiwa zambarau inayometa. Fikiria keki ya harusi yenye dume na jike wa misippus. Bwana na bibi wasiofanana, mmoja wao akiwa amevaa nguo ya kuazima ili wabaya wasimsogelee. Hilo ni wazo. Vipepeo arobaini vya ukurasa mmoja havina wazo.

Vya fondanti nitavipita haraka. Fondanti iliyochanganywa na unga wa CMC hukauka ikawa ngumu, inakatwa kwa kikatio cha plastiki chenye springi, na kipepeo kinatoka na mishipa yake tayari imegongwa. Ni kinene. Kipepeo kinene ni biskuti yenye mabawa. Kuna mafundi wanaoikunjua fondanti mpaka mwanga unapenya, na hao nawavulia kofia, lakini ni wachache na hawatumii kikatio cha springi.

Vya jelatini vinahitaji nafasi zaidi kwa sababu ndivyo vinavyonivutia na kunisumbua kwa wakati mmoja. Jelatini huyeyushwa kwenye maji ya moto, hupakwa kwa brashi juu ya karatasi ya plastiki yenye michoro ya mishipa, ikaachwa ikauke. Ikibanduliwa inatoka kama kioo laini, au kama bawa la kereng'ende. Hakuna malighafi nyingine jikoni inayoshika mwanga namna ile. Ukiweka taa nyuma ya keki, mabawa yanawaka. Jicho linasema a- bila kusita.

Kisha mgeni aliyekaa kushoto anauliza: hiyo jelatini ni ya nini? Swali hilo halina kiburi wala usumbufu ndani yake. Jelatini hutoka kwenye ngozi na mifupa ya wanyama, sana sana nguruwe au ng'ombe, na kopo dogo lililofungashwa upya dukani halisemi kila mara. Katika mji ambao nusu ya wageni wanaweza kuwa Waislamu, kipepeo ambacho mtengenezaji wake hawezi kujibu swali hilo hakijakamilika kama kazi ya sanaa. Nasema hivyo kwa dhati. Kwa uchoraji wa turubai, mafuta yalitoka wapi ni habari ya pembeni. Kwa pambo la kuliwa, malighafi ni sehemu ya maana yake, kwa sababu kazi hii inaishia ndani ya mwili wa mtu. Zipo njia nyingine. Agaa, inayotokana na mwani, hugandisha vizuri, ingawa ikikauka huwa tofauti na jelatini na mpambaji lazima aijifunze upya. Jambo la kuchekesha ni kwamba akina mama wa Paje na Jambiani wamekuwa wakilima mwani kwa miongo kadhaa, mwani wa aina inayotoa karajinani, nayo ni ya kugandishia vyakula. Unasafirishwa mkavu kwenda viwanda vya mbali. Sijakutana na bawa la kipepeo lililotokana nao, ila ningependa kulitafuna.

Nafika sasa kwa kipepeo ninachokipenda, na sitaficha upendeleo. Ni cha aisingi ya ute wa yai, ile ambayo Waingereza huiita ya kifalme na ambayo jina lake huhusishwa mara nyingi na harusi ya Malkia Victoria ya mwaka 1840. Mahitaji yake hayajai mkono: sukari laini ya aisingi nusu kilo, ute wa mayai matatu, kijiko cha maji ya ndimu. Bakuli lazima liwe kavu na lisiwe na hata tone la mafuta, maana mafuta huua povu la ute. Kwa kuwa ute haupikwi, wapambaji waangalifu hutumia ule wa unga uliokaushwa na kutibiwa, hasa kama watakaokula ni watoto au wajawazito.

Utengenezaji wake ni mwandiko. Unachora bawa kwenye karatasi ya kawaida, unalifunika kwa karatasi ya kuokea, unafuata mstari kwa aisingi nzito iliyo kwenye mfuko wenye tundu dogo kama la sindano nene. Kisha unalegeza aisingi nyingine kwa matone ya maji na kuijaza ndani ya mstari, unaisukuma kwa ncha ya kijiti mpaka kingo. Unaacha. Kesho yake unakunja kadi umbo la V, unaikamulia mstari mnene kwenye bonde lake, huo ndio mwili, na kabla haujakauka unachomeka mabawa kushoto na kulia, ukiyaegemeza kwa pamba. Unaacha tena. Papasi mbili zinakamuliwa peke yake na ndizo zinazovunjika kwanza.

Mpambaji mmoja ninayemfahamu, dada anayefanya kazi jikoni kwake Tabata, aliniruhusu nikae nimtazame kwa siku mbili. Ilikuwa masika, na hewa ya Dar wakati wa masika ni adui wa sukari. Inavuta unyevu na kubaki laini kama sabuni iliyosahaulika bafuni. Aliwasha feni ndogo ielekee meza. Kipepeo kinakaushwa na kipepeo, nikamwambia, na akanitazama kama mtu anayehitaji kulala. Alitengeneza mabawa ya vipepeo kumi na wawili akijua kwamba keki inahitaji saba. Hiyo ni hesabu ya kawaida. Bawa moja lilipasuka alipolibandua, akasema bila kuinua macho, "Hicho weka pembeni." Lakini vile vilivyokuwa tayari vimeunganishwa, vimeegemea pamba, alivizungumzia tofauti. Nilinyosha kidole kugusa kimoja, akaniwahi: "Mdogo wangu, huyo mwache alale. Tutamwamsha kesho."

Hicho ndicho ninachokitafuta, na nadhani najua kilikotoka. Hakikutoka kwenye kufanana. Vipepeo vyake havikufanana na kipepeo yeyote aliye kwenye vitabu. Mabawa yalikuwa na michirizi aliyoibuni mwenyewe, na hakuna mawili yaliyolingana sawasawa. Picha iliyochapwa inafanana na mdudu mara kumi zaidi. A- ilitoka kwenye pembe. Kila kipepeo kilikuwa na mabawa yaliyoinuka kwa kipimo chake, kimoja kimefunguka kama kinaota jua, kingine kimefunga nusu kama kinachotaka kuondoka. Kipepeo aliyetua ni kipepeo anayekaribia kuruka, na aisingi ya ute wa yai, kwa sababu hukauka ikiwa imeshikilia pembe uliyoipa, ndiyo pekee inayoweza kukaa kwenye ukingo huo wa wakati. Aisingi haitikisiki kama karatasi. Haishiki mwanga kama jelatini. Lakini inashikilia sekunde ile ya kabla, na jicho linamalizia lenyewe.

Pia inavunjika kwa ukweli. Karatasi hujikunja, fondanti hupinda, lakini sukari iliyokauka hukatika kwa mlio mdogo mkavu, na mtu aliye karibu hushtuka. Sijawahi kumwona mtu akishtuka kwa ajili ya stika.

Sasa niseme juu ya kung'aa, maana hapa ndipo uhakiki unapoacha kuwa suala la ladha ya mtu. Vipepeo wengi wanang'aa, na mng'ao huo si rangi. Bluu ya Morpho wa Amerika Kusini haina chembe ya rangi ya bluu. Inatokana na maumbo madogo mno kwenye magamba ya bawa yanayorudisha mwanga kwa namna fulani. Zambarau ya dume la misippus ni hivyo hivyo. Wino wa printa hauwezi kuifikia, na ukijaribu unapata bluu ya sare ya shule. Kwa hiyo wapambaji hutumia vumbi la kung'aa, linalopakwa kavu kwa brashi au kuchanganywa na kileo kikali kinachoyeyuka hewani. Lipo linalotengenezwa ili liliwe. Lipo pia la kazi za mikono, la maua ya karatasi na kadi, na yote mawili yanauzwa kwenye vikopo vidogo vinavyofanana, wakati mwingine kwenye rafu moja.

Mwaka 2018 katika jimbo la Rhode Island, Marekani, watoto sita waliugua baada ya kula keki ya siku ya kuzaliwa iliyopakwa vumbi la aina hiyo. Walitapika na kuharisha. Lilipopimwa, lilikuwa kwa sehemu kubwa ni unga wa shaba. Mwaka uliofuata, Missouri, mtoto wa mwaka mmoja alikutwa na risasi kwenye damu, ile metali, na ikafuatiliwa hadi kwenye vumbi la kupambia keki. Baadhi ya vikopo vya namna hii huandikwa "haina sumu," na hapo ndipo watu wanapojikwaa, kwa sababu "haina sumu" si sawa na "inalika." Chaki haina sumu. Kinacholika huorodhesha viambato vyake kama chakula kingine chochote. Kama kikopo hakina orodha ya viambato, au kimeandikwa kuwa ni cha mapambo tu, mahali pake ni kwenye kadi ya mwaliko.

Kwa hiyo turudi kwa yule ndege wa Brower. Yeye alionywa na rangi. Mtoto wa Rhode Island hakuonywa na kitu, kwa sababu juu ya keki tumegeuza maana: kila kinachong'aa ni karibu, kula. Mpambaji anayekubali kazi hii amekubali kuwa mdhamini wa maana hiyo. Waya unaochomekwa kwenye keki ili kipepeo kielee hewani, nao naupima kwa mizani hiyo hiyo. Ninauelewa. Unatoa mwendo mzuri sana, wa kweli kabisa, kipepeo kinayumba hewani. Lakini ni waya ndani ya chakula, na mtu anayekata keki gizani wakati muziki umepanda hauoni. Kama lazima utumike, uingizwe kwenye mrija unaolinda keki, na mwenye keki aambiwe zipo ngapi ili zitoke zote. Vinginevyo hicho si pambo la kuliwa, na kisiitwe hivyo.

Nimesema hatuna haja ya kumkopa monaki, basi nitaje ninayemtaka. Anaitwa Papilio demodocus, na kama nyumbani kwenu kuna mlimau au mdimu, umeshamwona hata kama hukujua jina. Ni mkubwa, mweusi, ametapakaa madoa ya manjano iliyofifia, na kwenye mabawa ya nyuma ana macho mawili mawili yenye wekundu na bluu. Kiwavi wake hula majani ya michungwa na jamaa zake wote, na akiwa mdogo anafanana na kinyesi cha ndege, ambayo ni njia nyingine ya kutokuliwa. Wakulima wa machungwa hawampendi.

Kwa mtu mwenye mfuko wa kukamulia, mdudu huyu ni kama aliumbwa kwa ajili yake. Madoa yake ni matone. Huhitaji mishipa myembamba kama nywele. Unahitaji mkono unaojua kuacha tone la ukubwa uleule mara thelathini, kisha tone dogo zaidi kwenye ukingo. Ugumu wake halisi ni weusi. Aisingi nyeusi inahitaji rangi nyingi, na rangi nyingi ina uchungu na huvuja ikipata unyevu, kwa hiyo manjano ukiliweka mapema litageuka la kijivu. Jaza weusi kwanza, uache ukauke kabisa mpaka ugumu usikike ukigonga kwa kucha, ndipo madoa yafuate. Na usiweke kwenye krimu mpaka keki ifike ukumbini.

Halafu kuna ladha. Kwa hili vipepeo vyote nilivyovitaja vinafeli mtihani, vya aisingi vikiwemo. Karatasi haina ladha. Jelatini inatafunika kama mpira. Aisingi ya ute wa yai ni tamu, basi, utamu mtupu usio na mahali pa kwenda. Ndiyo maana baada ya sherehe unavikuta pembeni ya sahani, vimelambwa kidogo, karibu na kijiti cha meno. Tunavipiga picha na hatuvili, na mpambaji, ambaye naye anaona picha tu, hana sababu ya kuhangaikia ulimi. Hata sisi tunaohakiki kwa macho tumo kwenye mkosi huo.

Lakini ndimu tayari imo kwenye bakuli. Kijiko kile kimoja kimewekwa kuimarisha povu la ute, na hakuna anayekionja. Ongeza ganda la limau lililoparuzwa laini kama vumbi kwenye aisingi ya madoa ya manjano, na punguza maji ulegeze kwa maji ya ndimu badala yake. Sukari inapata ukali. Sasa una kipepeo wa mlimau mwenye ladha ya mti aliokulia, na anayekula anapata kitu ambacho picha haikumwahidi. Yule dada wa Tabata alifanya vitatu vya kujaribu nilipomwelezea. Kimoja kilipasuka bawa. Vya pili na vya tatu mwanawe wa miaka mitano alivizunguka muda mrefu, akauliza kama wanauma, kisha akamla mmoja kuanzia papasi, akakunja uso kwa ule uchachu, akataka mwingine.